Mtoto Anapoifungua Redio: Tumpige au Tumfunze?



Katika nyumba nyingi za huku kwetu, tangu Mikindani na Mtwara mjini mpaka Msimbati na vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, hakosekani kijana mwenye kasha lake chini ya kitanda. Ukilifunua kasha hilo hutaona nguo wala fedha. Utaona simu mbovu zilizotolewa matumbo, nyaya za rangi rangi, taa ndogo ndogo zilizong'olewa katika tochi, spika iliyopasuka, na betri ambazo hapana ajuaye zimetoka wapi. Mama humwambia, "Mwanangu, takataka hizi katupe." Baba humwambia maneno makali zaidi ya hayo. Na kijana hunyamaza, akalisukuma kasha lake ndani zaidi, akangoja watu walale.

Juu ya kasha hilo twapenda kuzungumza nanyi leo, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili. Mna elimu na riziki, na mna moto uwezao kuteketeza nyumba. Mzazi asiyejua kuyatenganisha mambo haya mawili, ama atauzima moto na elimu pamoja, ama ataviacha vyote viwake.

KOSA LETU WENYEWE

Yafaa tuanze na habari yetu wenyewe, maana si adabu kumnyooshea mtu kidole kabla ya kujitazama.

Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, katika miaka ya mwanzo ya 1980, marehemu baba yetu alikuwa na redio moja ya betri. Siku zile bidhaa zilikuwa adimu nchini. Sabuni ilikuwa shida, sukari ilikuwa shida, na betri za redio zilikuwa shida kubwa zaidi. Zilipokwisha nguvu tulizianika juani, nazo zikapata uhai kidogo wa kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Wazee wa jirani walikuja na mikeka yao wakaketi barazani kuisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyekohoa wakati wa habari alitazamwa vibaya.

Siku moja, baba yu shambani katika mikorosho, tuliifungua redio ile kwa ncha ya kisu. Twaapa hatukukusudia uharibifu. Tulitaka kujua sauti ya mtu aliye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, huingiaje katika kisanduku kisichozidi mkate wa bofulo. Tukaona sahani nyembamba yenye vidude vingi vya rangi, waya mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye kijiti cheusi, na sumaku nyuma ya spika. Tulipotaka kuifunga, waya mmoja ukakatika. Jioni ile wazee walikuja na mikeka yao, na redio ikanyamaza.

Tulichapwa, nasi hatumlaumu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwani redio ile ilikuwa mali ya pekee nyumbani mwetu. Lakini tangu siku hiyo hatukufungua tena kitu chochote. Leo tumepita umri wa miaka hamsini. Twafundisha watoto kusoma, twaandika barua za wakubwa zao, lakini tochi ikigoma twamwita mtoto wa miaka kumi atutazamie. Fimbo ile ilitufunza kuiogopa redio, haikutufunza kuifunga. Na waya ule uliokatika, kwa tujuavyo sasa, ungalirudishwa mahali pake na fundi kwa muda usiozidi dakika tano.

USIKU WA MOTO

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, mmoja wa wanafunzi wetu, kijana wa miaka kumi na mitano, alituletea taa aliyoiunda kwa mikono yake ili wadogo zake wapate kusoma baada ya Isha. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na moshi wa vibatari ulikuwa ukiwaumiza watoto macho. Taa ilikuwa nzuri. Nasi tulimsifu mbele ya wenziwe, wala hatukumwuliza imetengenezwa kwa nini. Hilo ndilo kosa letu la pili.

Ndani ya taa ile mlikuwa na betri kuukuu ya simu ya mkononi, iliyokwisha kuvimba kama andazi, naye alikuwa akiichaji kwa nyaya mbili tupu. Usiku wa nne ilitoa sauti ya kufoka, kisha moshi, kisha ndimi za moto. Mkeka ukaungua, juzuu mbili zikaungua kingo, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa karibu akaungua mkono. Alhamdulillahi, alipona, ila kovu analo hata leo.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine walisema kijana huyo afukuzwe madrasa. Wengine walisema kasha lake litiwe moto. Mama yake alitujia usiku akilia, baba yake akiwa baharini, akatuambia, "Mwalimu, mwanangu hana tabia mbaya. Anapenda tu kujua." Maneno hayo yaliturudisha nyuma miaka arobaini, tukaiona redio ile na waya wake uliokatika.

Asubuhi tulimshika kijana mkono, tukampeleka mjini kwa fundi mmoja atengenezaye redio na simu chini ya mwembe, tukamweka mbele yake na mabaki ya betri. Fundi aliyatazama, akasema, "Mwalimu, huyu hakukosa akili. Amekosa mtu wa kumwambia."

Basi tukapatana. Kila Jumamosi na Jumapili kijana aliketi pale mwembeni. Mwezi wa kwanza hakugusa simu ya mtu. Alifagia, akapanga bisibisi, akatazama. Kwa ujira wake wa kwanza alinunua mkeka mpya, akautandika mwenyewe mahali pa ule ulioungua. Na baada ya miezi kadhaa, kipaza sauti cha msikiti kilipozimika alfajiri ya Ijumaa, na jamaa wakaanza kuchangishana fedha za kununua kingine, alikuwa yeye aliyesema, "Nipeni nafasi nitazame kwanza." Akakuta ncha ya waya wa spika imeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi ya bahari yetu. Akaikata, akaichuna upya, akaifunga. Adhana ya adhuhuri tuliisikia sote, na fedha za mchango zilirudishwa kwa wenyewe.

BETRI YA SIMU SI BETRI YA TOCHI

Kwa kuwa jambo hili limekwisha kutugharimu, yafaa kila mzazi alijue, hata kama hapendi ufundi.

Betri ya simu za siku hizi ni ya lithiamu. Nguvu yake ni volti 3.7 hivi, nayo haitakiwi kupandishwa zaidi ya volti 4.2 inapochajiwa. Ndani yake mna tabaka nyembamba zilizokunjwa pamoja na maji yashikayo moto upesi. Kati ya tabaka hizo pana ukuta mwembamba mno kama karatasi. Ukuta huo ukitoboka, au betri ikichajiwa kupita kiasi, joto huzaa joto, mpaka betri ikawaka yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji huweka kisahani kidogo cha ulinzi cha kuukata mkondo unapozidi. Kijana wetu alikiona kisahani hicho, akadhani ni pambo, akaking'oa.

Basi na yakumbukwe haya. Betri iliyovimba isitumiwe tena, isitobolewe, isibanwe, isianikwe juani kama tulivyozianika zile za redio zamani. Ikiwaka, watu watolewe kwanza, kwani moshi wake ni sumu; mchanga mkavu wasaidia kuzuia moto mdogo usienee. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, wala mafuta ya taa, wala unga.

TAA YA KWANZA YA KIJANA

Ikiwa twamkataza kijana betri ya simu, hatuna budi tumpe kitu badala yake. Fundi yule wa mwembeni humwanzisha kila mwanafunzi kwa taa hii, nasi tumeitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, mikono iliyokuwa haijagusa waya kwa miaka arobaini. Ikiwa sisi tumeweza, mwanao ataweza, na binti yako ataweza.

Twaa betri 3 ndogo za tochi za volti 1.5 kila moja, uzipange kwa mfuatano katika kikasha chake, ncha chanya ya moja igusane na ncha hasi ya nyingine. Jumla yake ni volti 4.5. Twaa taa moja nyeupe ya LED, ile ndogo kama punje ya mhindi, yenye miguu miwili. Taa hiyo yataka volti 3 hivi, na mkondo wake usizidi miliampea 20, yaani ampea 0.02. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri itang'aa sana, kisha itakufa. Basi huna budi kuweka kizuizi njiani, nacho ni rezista.

Rezista ya kiasi gani? Hapa ndipo hesabu ya shule ipatapo kazi. Volti zilizozidi ni 4.5 kutoa 3, nazo ni 1.5. Gawanya 1.5 kwa 0.02, utapata 75. Basi rezista isipungue omu 75. Iliyo rahisi kupatikana ni ya omu 100, nayo itapitisha miliampea 15, mwanga wa kutosha na usalama juu yake. Utaijua kwa mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia. Kanuni hii ilitangazwa mwaka 1827 na Mjerumani aitwaye Georg Simon Ohm, naye alikuwa mwalimu wa shule. Sisi waalimu twaifurahia habari hiyo.

Unga ncha chanya ya betri kwenye rezista, rezista kwenye mguu mrefu wa taa, na mguu mfupi kwenye ncha hasi ya betri kwa kupitia swichi. Isipowaka, geuza miguu ya taa, kwani mkondo hupita upande mmoja tu. Ikiwaka, acha mtoto aitazame kwanza, usimharakishe kuiondoa.

Akiisha kuijua taa hiyo, na apande daraja ya pili. Na aziondoe betri za kawaida, maana hizo hazichajiwi. Ukizichaji huvuja au kupasuka. Mahali pake aweke betri 3 za kuchajika za volti 1.2, zile za nikeli zenye kiasi cha miliampea-saa 1000 au zaidi. Jumla yake ni volti 3.6, basi rezista ibadilishwe iwe ya omu 47, yenye mistari ya njano, zambarau na nyeusi. Kisha aunge kisahani cha sola cha volti 6 kisichozidi miliampea 100, na kati ya sola na betri aweke dayodi moja, mstari wake ukielekea ncha chanya ya betri, ili umeme wa mchana usirudi ukapotea usiku. Jua letu la Mtwara kwa saa tano litaijaza betri hiyo umeme wa kutosha kuwasha taa 4 za namna hii, kila moja na rezista yake, kwa saa nne za usiku, na akiba ikabaki.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, neno moja zaidi. Chumvi ya hewa yetu hula shaba. Kila kiungo kilehemiwe vizuri kwa risasi, kisha kifunikwe kwa utepe au kwa gundi, na kikasha kifungwe kisiingize unyevu. Kifaa kinachodumu miaka mitano huko bara, huku kwetu hufa kwa miezi sita kama fundi ni mvivu.

AKINA MAMA WALIOTUTANGULIA

Pengine msomaji atasema, "Mambo haya ni ya waliosoma sana." Na ajue kwamba katika miaka ya mwanzo ya 2010 akina mama wa vijijini katika mikoa yetu hii ya Mtwara na Lindi walipelekwa India, katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kwenye Chuo cha Barefoot kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy. Chuo hicho kina kawaida ya kuwachagua akina mama watu wazima, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu, na wengi hawajui kusoma wala kuandika. Husema kwamba kijana akipewa cheti atakimbilia mjini, bali bibi atarudi kijijini kwake.

Hukaa huko miezi 6. Hawana lugha moja na waalimu wao, basi hufunzwa kwa ishara za mikono, kwa rangi za vifaa, na kwa kutenda na kurudia kutenda. Wakirudi, huweza kuunda saketi ya taa ya sola, kuifunga nyumbani na kuitengeneza inapoharibika. Mwaka 2015 chuo cha namna hiyo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja, ili akina mama wafunzwe karibu na kwao.

Basi aliyekuwa akilima mikorosho jana aliweza kushika chuma cha kulehemu leo. Twamwuliza baba anayesema binti yake hana akili ya nyaya: je, binti yako amepungukiwa na nini ambacho bibi yule alikuwa nacho?

WATU WA KALE NA JIRANI WA LEO

Wala tusidhani kwamba kuunda vitu ni desturi ya wageni tuliyoiazima juzi. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Alieleza humo saa za maji, mashine za kupandisha maji kutoka mtoni, na vyombo vya kumtilia mtu maji ya kutawadha, tena pamoja na michoro na vipimo, ili atakayekuja nyuma yake aweze kuunda vilevile. Hakuificha elimu yake. Tufikiri jambo hilo, sisi ambao mafundi wetu wengi hugeuza mgongo mwanafunzi asione wanachokifanya.

Na tukimwacha mtu wa kale, yuko jirani yetu. Mto wetu wa Ruvuma waanza huko nyanda za Songea, na ng'ambo ya Ziwa Nyasa ndiyo Malawi. Huko, kijana William Kamkwamba aliacha shule wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, kwa kuwa wazazi wake walikosa ada. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya karibu, akakuta kitabu chenye picha ya vinu vya upepo. Akakusanya baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabaki mengine ya jalalani, akaunda kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Watu walimwita mwendawazimu alipokuwa akichakura takataka. Baadaye walipanga foleni kuchaji simu zao kwake.

Nasi twakaa juu ya neema kubwa. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi ambavyo jana vilikuwa gizani. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakipakia karabai katika vyombo vyao sasa wapakia taa za LED na betri. Simu iko katika kila mfuko. Vitu hivi vyote vitaharibika, ndiyo kawaida ya vitu. Swali ni hili tu: vitakapoharibika, vitatengenezwa na mikono ya nani? Ikiwa ni mikono ya watu wa mbali, fedha ya korosho na dagaa itakwenda huko mbali pamoja nayo.

MIPAKA ISIYORUKWA

Hatukuandika haya ili vijana wetu waguse kila kitu. Kila elimu ina adabu yake, na adabu ya elimu hii ni kama ifuatavyo.

Kwanza, umeme wa ukutani si mchezo. Taa tuliyoieleza ina volti 4.5, ukutani mna volti 230, nazo huua. Kijana asifungue kitu kilichounganishwa na ukuta, wala televisheni iliyozimwa punde, kwa maana kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Na kujiunganishia umeme kwenye nguzo kwa siri ni wizi na ni kujiua kwa pamoja. Anayefanya hivyo humwekea mtego jirani yake na mtoto wake mwenyewe.

Pili, si kila kiwezekanacho chafaa kufanywa. Wako vijana waundao mitambo midogo ya kurushia sauti ya redio. Ufundi wake ni mzuri, lakini hewani pana wenyewe na pana sheria. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mtambo wa ovyo waweza kuvuruga mawasiliano ya watu wengine, na huwezi kujua wanazungumza nini au wana dharura gani.

Tatu, simu ya mtu ni amana. Aliyeiacha mezani kwako amekuachia siri za nyumba yake, picha za watoto wake, na fedha zake. Fundi afunguaye kilichoharibika na asifungue kisichoharibika. Wala asinunue simu asiyoijua asili yake, akajitetea kwamba hakuiba yeye. Twajua vijana wenye mikono hodari waliopoteza wateja wote kwa jicho moja la udadisi.

Nne, betri zilizokufa zisitupwe mikokoni wala visimani. Pwani yetu, tangu Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya Ruvuma, ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, na samaki wetu huzaliana katika mizizi ya mikoko ile. Betri kubwa za magari na za sola zina risasi na asidi. Ziuzwe nzima kwa wakusanyaji, zisipasuliwe uani. Risasi huingia mwilini polepole, na humdhuru mtoto kabla ya mtu mzima.

WAZAZI TUFANYE NINI?

Rai yetu ni fupi. Mzazi amwite kijana wake, amwambie, "Lete kasha lako tulitazame pamoja." Betri zilizovimba ziondolewe siku hiyo hiyo. Vilivyosalia vipangwe juu ya meza au ubao, mahali pa mwanga, mahali ambapo watu wanapita, si chini ya kitanda. Maana hatari nyingi za ufundi huu hutoka katika kufanywa kwa siri, na mtoto hufanya kwa siri kile anachoogopa kupigiwa.

Kisha atafutiwe mtu wa kumwambia, kama alivyosema yule fundi. Mwenye uwezo na ampeleke mwanawe chuo cha ufundi cha VETA, ambacho hapa Mtwara kipo. Asiye na uwezo na atafute fundi mwaminifu mtaani, aende kwake kwa heshima, aweke patano, na amtembelee mara kwa mara kuuliza maendeleo. Anunuliwe multimita moja ndogo kabla ya kununuliwa viatu vya sikukuu. Hatafurahi siku ya kwanza, lakini atashukuru mwaka wa pili. Na masomo ya shule asiachiwe, kwani mumeona wenyewe kwamba taa moja ndogo yataka kutoa na kugawanya.

Nasi waalimu wa madrasa tuna letu la kufanya. Tumekwisha kutenga saa moja, Alhamisi alasiri, ambapo kijana yule aliyetuunguzia mkeka huwafundisha wadogo zake kuunda taa ya betri tatu. Kanuni ya kwanza anayowafundisha si ya volti wala omu. Humwita yule mdogo mwenye kovu, naye huja bila kinyongo kwa kuwa wamekwisha kusameheana, akauonyesha mkono wake. Kisha kijana huwaambia wenziwe, "Hili nililifanya mimi kwa kutouliza. Ninyi ulizeni."

Baada ya hapo huanza somo, na yule mdogo mwenye kovu ndiye agawaye bisibisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi na waalimu subira ya kuwasikiliza kabla ya kuinyanyua fimbo. Amin.